Zamu ya Mswada

Kila Alhamisi alasiri, Bunge la Kitaifa la Kenya linapokuwa vikaoni, Kiongozi wa Wengi husimama na kusoma taarifa kuhusu shughuli za wiki inayofuata: miswada itakayojadiliwa, hoja zitakazopigiwa kura, mawaziri watakaofika kujibu maswali. Taarifa hiyo ni fupi na haina mbwembwe, na mara chache hupata nafasi katika habari za saa moja. Hata hivyo, mkulima wa Kangundo, muuguzi wa Machakos mjini na mwanakandarasi wa Mavoko wana sababu ya kuisikiliza kuliko hotuba nyingi za majukwaani, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha jambo lao litafikiwa lini, kama litafikiwa.

Taarifa hiyo hutoka kwa Kamati ya Shughuli za Bunge. Mwenyekiti wake ni Spika, na ndani yake wamo viongozi wa Wengi na wa Wachache pamoja na wabunge wengine wanaowakilisha vyama kwa kadiri ya nguvu zao. Wao ndio hukaa na kuamua kipi kitangulie na kipi kingoje. Kwa hiyo mbunge anaposimama kwa hoja ya nidhamu na kulalamika kwamba mswada wake umerukwa, au kwamba wenzake wameletewa mswada mzito asubuhi na kutakiwa kuupigia kura jioni, huwa anaigusa kamati hii hata asipoitaja.

Uzito wa mpangilio huo unaonekana vizuri kwenye karatasi yenyewe ya ratiba ya siku. Shughuli saba za kwanza karibu hazibadiliki: kiapo cha mbunge mpya kama yupo, mawasiliano kutoka kwa Spika, ujumbe, malalamishi ya wananchi, hati za kuwasilishwa mezani, arifa za hoja, kisha maswali na kauli. Nyama ya siku huanzia nambari 8. Bunge huanza saa nane unusu mchana siku za Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na ikifika saa moja jioni Spika huahirisha kikao. Mswada ulio nambari 8 au 9 una uhakika wa kusikika. Ulio nambari 16 unategemea bahati: maswali yakirefuka, au wabunge wakivutana juu ya jambo la awali, saa hugonga kabla haujafikiwa. Wiki inayofuata unaonekana tena kwenye karatasi, chini vilevile. Miswada ya wabunge binafsi ina asubuhi moja tu, ya Jumatano, kuanzia saa tatu unusu hadi saa saba. Na muhula wa Bunge ukiisha, kila mswada ambao haujapita hufa, na aliyeutunga lazima aanze upya kama atachaguliwa tena.

Foleni hiyo huwa ndefu maradufu kwa mambo yanayogusa kaunti, kwa kuwa mswada wa aina hiyo hupitia nyumba mbili. Mswada wa Kahawa wa 2023 ulianzia Seneti, kisha ukalazimika kupanga foleni nyingine katika Bunge la Kitaifa. Kangundo na Matungulu zimelima kahawa kwa miaka mingi, na kwa wenye mashine za kukoboa huko, tofauti kati ya sheria inayopita mwaka huu na ile ya miaka miwili ijayo ni misimu kadhaa ya mavuno. Maseneta wamelalamika mara nyingi kwamba miswada wanayoipitisha hukaa muda mrefu upande wa pili bila kuguswa. Malalamiko hayo yana msingi, na yanastahili jibu bora zaidi kuliko lile la kwamba Bunge lina kazi nyingi.

Wakati mwingine tarehe hupangwa kwa kuhesabu vichwa. Mwaka 2018 Aden Duale, aliyekuwa Kiongozi wa Wengi, alileta mswada wa kubadilisha Katiba ili kutimiza kanuni ya theluthi mbili ya jinsia. Marekebisho ya aina hiyo yanahitaji kura za wabunge 233 kati ya 349. Siku ya kura ilipofika mwishoni mwa Novemba, waliokuwa ukumbini hawakutosha, na kura ikaahirishwa ili watafutwe wengine. Ilipoitishwa tena tarehe 27 Februari 2019, wabunge waliohudhuria walikuwa 174. Mswada ukaanguka bila kushindwa kwa hoja yoyote. Uliangushwa na viti vitupu, siku ambayo kila mbunge alijua mapema kwamba kura itakuwepo. Hapa ratiba ilitangazwa ipasavyo. Waliokosekana ni waliopaswa kuiheshimu, na wapiga kura wana haki ya kuwauliza wabunge wao siku hiyo walikuwa wapi.

Kinyume chake ni haraka. Desemba 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi kaskazini mwa nchi, serikali ilileta mswada wa kurekebisha sheria za usalama. Kwa kawaida mswada hukaa siku 14 baada ya kuchapishwa kabla ya kusomwa mara ya kwanza, lakini muda huo ulifupishwa, na kikao maalum kikaitishwa tarehe 18 Desemba. Upinzani ulipiga kelele kwamba haukupewa nafasi ya kuusoma wala ya kuwauliza wananchi. Karatasi zilichanwa, ngumi zikarushwa, na mswada ukapita siku hiyohiyo. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane. Laiti wiki mbili zile zingetumika kusikiliza, huenda baadhi ya kasoro hizo zingeonekana mezani badala ya mahakamani.

Mambo haya yote yanamhusu vipi mtu wa Machakos, kaunti yenye wadi 40 na watu 1,421,932 kwa hesabu ya sensa ya 2019? Yanamhusu kwanza kupitia mfuko. Kifungu cha 224 cha Katiba kinasema serikali ya kaunti hutayarisha bajeti yake kwa msingi wa Mswada wa Ugavi wa Mapato uliopitishwa na Bunge. Mswada huo na ule wa kugawanya fedha hizo kati ya kaunti hupaswa kuwasilishwa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha tarehe 30 Juni. Nairobi ikichelewa, wawakilishi wadi walioketi Machakos mjini hukadiria matumizi huku hawajui watapokea kiasi gani.

Na Nairobi imechelewa. Mwaka 2019 Bunge la Kitaifa lilishikilia kwamba kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikataka bilioni 335. Mwaka mpya wa fedha ulianza Julai bila maafikiano, magavana wakaenda Mahakama ya Juu, na mvutano ukaisha Septemba kwa bilioni 316.5. Mwaka uliofuata ugomvi ukahamia ndani ya Seneti yenyewe, juu ya kanuni ya kugawanya fedha kati ya kaunti na kaunti. Kikao baada ya kikao kiliahirishwa, na Agosti 2020 maseneta watatu wakakamatwa na polisi siku ya mjadala. Maafikiano yalipatikana tarehe 17 Septemba. Kisha ukaja 2024. Rais William Ruto alipokataa kutia saini Mswada wa Fedha tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, mgao wa kaunti uliokuwa bilioni 400 ulirudishwa mezani ukatwe. Bunge la Kitaifa lilitaka 380. Kamati ya upatanisho ilifikia bilioni 387.4 mwezi Desemba, karibu nusu ya mwaka wa fedha ikiwa imeshapita.

Mgao wa Machakos katika miaka ya karibuni ni zaidi ya shilingi bilioni 9. Fedha hizo ndizo zinazolipa mishahara ya wahudumu wa afya katika hospitali ya Machakos Level 5, dawa za zahanati za Yatta na Masinga, walimu wa chekechea na wanaochimba mabwawa. Mgogoro wa tarehe kati ya wabunge 349 na maseneta 67 hufika huko kama malipo yaliyocheleweshwa. Mwanakandarasi aliyekopa benki ili ajenge daraja la Mwala hana nafasi kwenye kamati ya upatanisho, lakini riba yake inahesabiwa kila siku kamati hiyo inaposhindwa kuelewana.

Njia ya pili ambayo ratiba humfikia mwananchi ni mlango wa kutoa maoni. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi, na kifungu cha 196 kinayabana mabunge ya kaunti vilevile. Lakini Katiba haikutaja siku. Je, tangazo la siku tatu linatosha? La siku saba? Mtu wa Masinga anayesikia leo kwamba maoni yatapokewa kesho kutwa Machakos mjini ana safari, nauli na siku ya kazi ya kupoteza, na mswada wenyewe huwa umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kumwambia baadaye kwamba alialikwa na hakuja ni kumwonea.

Oktoba 2024 swali hilo liliulizwa nchi nzima. Mwengi Mutuse, mbunge wa Kibwezi Magharibi katika kaunti jirani ya Makueni, aliwasilisha hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua tarehe 1. Ijumaa tarehe 4 wananchi waliitwa kutoa maoni katika kaunti zote 47, Machakos ikiwemo. Jumanne tarehe 8 wabunge 281 waliunga mkono hoja. Ilipokuwa ikisikilizwa na Seneti tarehe 17, Gachagua alikuwa hospitalini, na mawakili wake wakaomba kikao kisogezwe mbele siku chache. Spika Amason Kingi alitaja Jumamosi. Maseneta walijadiliana, wakiwemo waliosema muda uliowekwa na sheria unawabana, kisha wakakataa kuahirisha na kumtia hatiani usiku huohuo kwa mashtaka matano kati ya kumi na moja. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi huo au kuupinga. Kwa vyovyote, siku tatu kati ya hoja kuwasilishwa na mwananchi kuulizwa maoni ni muda mfupi mno kwa jambo zito kama hilo, na hata aliyefurahia matokeo ana sababu ya kutaka mpangilio bora zaidi kwa mara nyingine.

Machakos inajua tangu zamani jinsi inavyouma kuulizwa baada ya uamuzi kupita. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe na kuwauza kwa mnada, ikidai mifugo ilikuwa mingi kuliko ardhi iwezavyo kubeba. Baraza la Kutunga Sheria wakati huo halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kwa kuwa hakukuwa na wa kuwasemea, umati wa wanaume, wanawake na watoto ulitembea kwa miguu hadi Nairobi mwezi Julai 1938 ukitaka kuonana na gavana, ukapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Gavana aliwajia Machakos mwezi Agosti. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini mpango wa kuwapunguzia mifugo kwa nguvu ulisitishwa. Wakazi wa leo wana wabunge wanane, seneta, mwakilishi wa wanawake na bunge lao la kaunti. Wana haki ya kusikilizwa kabla, si baada.

Nchi nyingine zimepambana na jambo hilihili. Tanzania, mwishoni mwa Juni 2017, serikali ilipeleka Bungeni kwa hati ya dharura miswada mitatu ya rasilimali za madini na gesi, na ikapitishwa ndani ya siku chache huku wapinzani wakilalamikia muda. Afrika Kusini ndiko mahakama iliposema wazi zaidi. Julai 2016 Mahakama ya Kikatiba ilibatilisha sheria nzima ya madai ya ardhi iliyopitishwa mwaka 2014, kwa sababu nyumba ya pili ya Bunge na majimbo yalikuwa yamejiwekea ratiba ya kubana kiasi kwamba vikao vya wananchi vikageuka kuwa desturi tu. Majaji hawakusema sheria hiyo ilikuwa mbaya. Walisema kalenda yake haikumwachia mwananchi nafasi.

Mbunge anayelalamikia ratiba, basi, asichukuliwe kuwa mtu wa kuchelewesha kazi. Wapo wanaofanya hivyo kwa hila, na Spika ana mamlaka ya kuwanyamazisha. Lakini swali la lini mswada umechapishwa, lini kamati imeusikiliza umma na lini utapigiwa kura ni swali halali, na upande wa Wachache ambao Robert Mbui, mbunge wa Kathiani, amekuwa naibu kiongozi wake tangu baada ya uchaguzi wa 2022, una wajibu wa kuliuliza kila wiki.

Swali hilo linaweza kuulizwa Machakos pia, kwenye bunge la kaunti, na tarehe zake zinajulikana kwa sheria. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufika mbele ya wawakilishi wadi kufikia tarehe 28 Februari, nao wana siku 14 za kuuamua. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili, na sheria ya matumizi hupitishwa kabla ya 30 Juni. Tarehe hizi hazimshtui mtu, maana hurudi kila mwaka. Hakuna kinachozuia ofisi ya karani wa bunge la kaunti kutangaza mwezi Januari, kwa Kikamba na Kiswahili, redioni na kwenye mbao za matangazo za ofisi za wadi, siku na mahali ambapo watu wa kila wadi watasikilizwa juu ya hatua hizo tatu, na kuweka muhtasari wa kurasa mbili wa kila waraka katika ofisi hizo wiki mbili kabla ya kikao.