Bluzi, Mugithi na Spika Nzuri

Bluzi ilizaliwa kusini mwa Marekani miongoni mwa watu weusi, watoto na wajukuu wa watumwa waliolima pamba katika tambarare za Mississippi. Ilipata umbo lake kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ubeti wake wa kawaida una mistari mitatu: wa kwanza hutaja shida, wa pili huirudia, wa tatu hutoa jibu. Mwimbaji akinyamaza kuvuta pumzi, gitaa humjibu. Huko Waithaka, katika viunga vya magharibi vya Nairobi, ni wachache watakaosema kwamba wao ni wapenzi wa bluzi. Hata hivyo, aliyezoea mugithi wa gitaa moja ana sikio ambalo tayari limeandaliwa. Mpigaji mmoja na gitaa lake husimulia mapenzi yaliyovunjika, deni na pombe, na watu humwitikia huku wakishikana mabega na kucheza kwa mstari kama mabehewa ya treni. Muziki wa mahali pawili tofauti unaweza kukidhi kiu ileile.

Kenya ilianza kuisikia bluzi zamani, ikiwa imevaa nguo za kantri. Jimmie Rodgers, Mzungu wa Mississippi, alikuwa mfanyakazi wa reli, na bluzi aliipata kwa vibarua weusi aliofanya nao kazi relini. Mwaka 1927 alianza kurekodi mfululizo wa nyimbo zilizoitwa "Blue Yodel", ambazo ni bluzi iliyochanganywa na mtindo wa kupasua sauti. Alifariki mwaka 1933 kwa kifua kikuu, lakini santuri zake zilikuwa zimeshavuka bahari, nyingine zikafika katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wakiimba kwa kinanda cha nyuzi kiitwacho kibugandet. Walimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu swala, mchezaji hodari. Jina hilo lilikuwa Jimmie Rodgers katika matamshi ya Kikipsigis.

Swali la iwapo muziki unahitaji vyombo bora vya sauti ili ufurahiwe linapaswa kuanzia hapo. Santuri ya zama hizo ilizunguka mara 78 kwa dakika na ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Gramafoni ilikazwa kwa mkono, sindano ya chuma ikakwaruza mfereji, na sauti ikatoka nyembamba, haina besi ya maana. Chombo dhaifu namna hiyo kilitosha kumfanya mtu wa mbali awe kiumbe wa ajabu katika wimbo wa wenyeji. Kwa hiyo anayedai kwamba muziki haufurahiwi bila mitambo ya bei kubwa ana historia nzito ya kujibu.

Lakini si kweli pia kwamba vyombo vyote ni sawa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia kama 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Uzi mzito zaidi wa gitaa la kawaida hutetema takriban mara 82 kwa sekunde, na wa gitaa la besi takriban mara 41. Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa kwa kiasi kinachohitajika na sauti nzito hivyo. Ubongo husaidia: unapozisikia sauti za juu zinazoandamana na noti nzito, huikisia noti yenyewe hata kama spika haikuitoa. Msikilizaji anautambua wimbo, ila uzito wake umepotea. Kwa muziki wa benga hasara hiyo ni kubwa sana. Katika nyimbo za D. O. Misiani na Shirati Jazz, gitaa la besi halikuwekwa nyuma kama pambo. Linakimbia na kusemezana na gitaa la solo. Anayesikiliza kwa simu iliyowekwa mezani anasikia upande mmoja wa mazungumzo.

Rekodi yenyewe nayo ina kikomo chake. Robert Johnson, ambaye wengi humhesabu kuwa kilele cha bluzi ya Mississippi, aliacha nyimbo 29 tu, zilizorekodiwa San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937. Kile ambacho mitambo ya siku zile haikukinasa hakiwezi kuletwa na spika yoyote ya leo. Chombo kikali kitaionyesha mikwaruzo waziwazi zaidi. Mambo ni tofauti katika albamu "Folk Singer" ya mwanabluzi Muddy Waters, iliyotoka mwaka 1964. Hapo msikilizaji mwenye vyombo vizuri husikia pumzi ya mwimbaji, vidole vikiteleza juu ya nyuzi, na ukubwa wa chumba walimokaa. Ndiyo maana wapenzi wa vyombo vya sauti wameitumia rekodi hiyo kupimia spika kwa miaka mingi.

Nyimbo za kwetu zimekumbwa na tatizo la tatu, ambalo huenda ndilo kubwa kuliko yote: nakala. Nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kwa santuri ndogo za mizunguko 45. Santuri iliyochakaa ikanakiliwa kwenye kaseti, kaseti ikanakiliwa kwenye kaseti nyingine, halafu ikaingizwa kwenye kompyuta na kubanwa ili faili itoshe kwenye simu. Kila hatua imekula kitu. Mwenye nyimbo za Joseph Kamaru, mwana wa Murang'a aliyefariki mwaka 2018, akizipata katika nakala safi atasikia tofauti kubwa kuliko ile ya kubadilisha spika. Kwa bahati njema mjukuu wake, mwanamuziki ajulikanaye kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kwenye intaneti. Kazi kama hiyo inastahili kufanyiwa wanamuziki wengine wengi, na haraka, kabla santuri zilizobaki hazijatupwa.

Katika maduka ya Luthuli Avenue, katikati ya jiji, mteja huuziwa zaidi ngurumo. Sabufa hufunguliwa hadi vioo vitetemeke, naye mteja huamini kwamba ndiyo sauti nzuri. Chanzo kimojawapo ni maumbile ya sikio. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo hufifia kwanza masikioni. Ikiongezwa, muziki huonekana umejaa. Kwa hiyo spika mbili zikilinganishwa, inayopigwa kwa nguvu zaidi kidogo kwa kawaida hushinda, hata kama si bora. Ulinganisho wa haki hudai sauti iwe sawa pande zote, na wimbo uwe ule ambao mnunuzi anaufahamu vizuri.

Macho nayo hudanganya. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakifanya kazi katika kampuni ya Harman, waliwasikilizisha watu spika zilezile mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Alama walizotoa zilibadilika. Utafiti wa Toole wa miaka mingi umeonyesha pia kwamba pazia likiwepo, wasikilizaji wengi huelekea kupenda spika isiyotia chumvi: isiyozidisha besi wala sauti kali za juu.

Halafu kuna chumba. Katika ghorofa mpya za Waithaka, zenye kuta tupu na sakafu ya vigae, sauti hugonga na kurudi, na maneno ya mwimbaji yakavurugika. Spika ikisukumwa pembeni kabisa, besi hufura na kumeza gitaa. Kuivuta mbali na kona, kutundika pazia zito na kutandika zulia hugharimu kidogo, na mara nyingi husaidia kuliko amplifaya mpya. Sauti pia ina mpaka wake: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, maana sikio likishaharibika haliponi.

Ladha yenyewe hujengwa kwa mazoea. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kupenda kitu kadiri wanavyokutana nacho mara kwa mara. Wakenya wengi walioujua muziki wa mwimbaji wa kantri Jim Reeves kupitia redio ndogo, katika vipindi kama "Sundowner" cha KBC, waliupenda bila kuijua besi yake. Chombo kizuri huongeza utamu kwa aliyekwisha kuupenda wimbo. Hakimpi mtu mapenzi asiyokuwa nayo. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu basi anunue spika zisizotia chumvi, kwa kuwa hakuna amplifaya wala waya wa bei ghali unaoweza kurekebisha spika mbaya.