Je, wajua? Mstari mwekundu wa kipimo cha malaria ni dhahabu

Ukishikwa na homa Kisiwani, chini ya milima ya Upare wilayani Same, mhudumu wa afya atakutoboa kidole, atie tone la damu kwenye kile kipimo cheupe cha plastiki, aongeze matone ya dawa, kisha msubiri dakika 15 hadi 20.

Mstari unaojitokeza si wino. Katika vipimo vingi vya aina hii ni dhahabu halisi, katika chembe ndogo mno: unywele mmoja ni mnene kuliko chembe hiyo zaidi ya mara 1,000. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo hupoteza umanjano wake, huonekana nyekundu. Kila chembe imevishwa kingamwili za kunasa HRP2, protini ya kimelea Plasmodium falciparum. Damu husafiri kwenye ukanda ikizoa chembe hizo. Penye alama ya T kingamwili nyingine zinazisubiri, na HRP2 ikiwepo, dhahabu hurundikana hapo mpaka jicho liione. Mstari wa C, unaohakiki kipimo chenyewe, usipotokea, kipimo kimeharibika, kirudiwe.

Kabla ya vipimo hivi, katika Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta wa miaka ya 1954 hadi 1959, uliopulizia nyumba dawa ya dieldrin, vimelea vilitafutwa kwa hadubini. Hadubini ingali muhimu, kwani HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kama umemaliza dozi ya malaria karibuni, tafadhali mwambie mhudumu kabla hajakupima.