Bei ya bati inaanzia kwenye umeme

Wauzaji wenzangu, leo nawapa somo lililonigharimu 280,000.

Machi 2022 niliposti mabati ya geji 30. Mama mmoja akaniandikia, anaezeka nyumba yake, anataka mabati 70. Nikampa bei. Akasema, "Nipe wiki tatu mwanangu, nikusanye hela." Nikamjibu, "Hamna shida mama, bei ni hiyo hiyo." Wiki tatu zikaisha, akatuma hela yote. Nafika kwa muuzaji wa jumla, kila bati limepanda elfu nne. Nilishaahidi, nikaongezea kutoka kwenye mtaji wangu.

Ndipo nikaanza kufuatilia. Bati ni chuma kilichopakwa zinki kisishike kutu, na karibu nusu ya zinki yote duniani inaishia kwenye kazi hiyo. Zamani zinki ilipatikana kwa kuchoma madini na makaa ya mawe, na Ubelgiji na Ujerumani ndio walioshika soko. Hata Australia ilikuwa inawapelekea madini yake. Vita ya 1914 ikafunga njia, bei ikaruka. Watu wakageukia umeme. Kufikia 1917 viwanda vya namna hiyo vilishaanza Trail huko Kanada, Great Falls Marekani na Risdon huko Tasmania, sehemu zenye umeme wa maji.

Wanafanyaje? Madini yanachomwa, yanayeyushwa kwenye asidi, kisha umeme unapitishwa. Zinki inaganda kwenye bamba la aluminiamu, wanaibandua. Leo zaidi ya asilimia 80 ya zinki duniani inatoka kwa njia hii, na China ndiyo inaongoza.

Sasa sikia: tani moja inakula yuniti zaidi ya 3,000. Piga hesabu na yuniti zako za LUKU! Umeme ukipanda, zinki inapanda. Januari 2022 kiwanda cha Auby, Ufaransa, kilisimamishwa kwa sababu ya bei ya umeme. Machi, zinki ikapita dola 4,000 kwa tani kwenye soko la London. Chuma na mafuta navyo vilikuwa juu. Mimi huku namwambia mama "bei ni hiyo hiyo".

Siku hizi nafanya hivi:

1. Kila bei ninayotoa naandika: "Bei hii ni ya siku 3."
2. Mteja akitaka bei isibadilike, analipia, nanunua mzigo siku hiyo hiyo.
3. Kila Jumatatu naangalia bei ya zinki na ya chuma kwenye simu. Bando la kuangalia ni dogo kuliko hasara.

Yule mama alihamia kwake na bado ananiletea wateja. Lakini ahadi kama ile sirudii.

Wewe unauza nini, na bei yake inaanzia wapi? Fuatilia kabla hujaahidi.