Kabla ya kukodi gari Ulaya, pangeni pasipoti mezani



Theluji ikianza kuyeyuka, familia nyingi huanza kuzungumzia safari za kiangazi. Mwaka huu wapo wanaotaka kuzunguka Ulaya kwa gari kwa mara ya kwanza. Wengi huanza kwa kutafuta bei ya tiketi. Kwa familia kama zetu, pa kuanzia ni meza ya chakula: wekeni pasipoti zote hapo, moja kando ya nyingine.

Nyumba moja hapa Blaine inaweza kuwa na watoto wenye pasipoti ya Marekani, mama mwenye pasipoti ya Kenya na grini kadi, na bibi mwenye pasipoti ya Tanzania. Gari litakuwa moja, lakini mpakani kila mtu hupita kwa karatasi zake. Kwa hiyo tarehe ya safari ipangwe kwa kumfuata yule ambaye karatasi zake huchukua muda mrefu zaidi. Tiketi zikinunuliwa kabla, bibi anaweza kubaki nyumbani na hela zikapotea.

Tuchukue mfano wa njia moja. Kutoka Minneapolis kuna ndege ya moja kwa moja hadi Amsterdam. Hapo mnakodi gari, mnakwenda Hamburg, kisha Berlin, halafu mnarudi Amsterdam. Mzunguko wote ni kama kilomita 1,400. Kutoka Berlin hadi Amsterdam ni karibu sawa na kutoka Blaine hadi Chicago.

Karatasi za kila mtu

Uholanzi na Ujerumani zimo katika eneo la Schengen. Raia wa Marekani huingia bila viza kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anahitaji viza, hata kama ana grini kadi. Kadi hiyo ni ya kumrudisha Marekani; haimfungulii mlango wa Ulaya.

Viza huombwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Katika mfano wetu ni Ujerumani, na wakazi wa Minnesota wako chini ya ubalozi mdogo wa Ujerumani ulioko Chicago. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Msingoje mwisho, kwani kiangazi nafasi za miadi huisha mapema. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Mwombaji huonyesha pia bima ya matibabu ya angalau euro 30,000.

Aliyekuja kama mkimbizi na bado hajawa raia anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi. Huombwa kwa fomu I-131 kabla ya kuondoka Marekani. Asisafiri kwa pasipoti ya nchi aliyoikimbia kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji, kwa sababu hadhi yake hapa inaweza kuingia mashakani.

Pasipoti za watoto nazo zikaguliwe. Ya Marekani kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 hudumu miaka 5 tu. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, abebe barua ya idhini iliyothibitishwa na nota.

Dereva na gari

Huko Uholanzi na Ujerumani gari hupita kulia kama hapa, tofauti na Nairobi au Dar es Salaam. Hata hivyo kuna mambo ya kujua:

- Dereva achukue leseni ya kimataifa katika ofisi ya AAA na aibebe pamoja na leseni yake ya Minnesota.
- Magari mengi ya kukodi huko ni ya gia za mkono. Anayejua otomatiki tu aombe otomatiki mapema, na aulize kama gari linaruhusiwa kuvuka mpaka.
- Njia panda isiyo na alama wala taa, gari linalotoka kulia kwako ndilo linalotangulia.
- Taa nyekundu ikiwaka, usikate kulia kama tulivyozoea Minnesota, isipokuwa pale alama inaporuhusu.
- Katikati ya Berlin gari linatakiwa kuwa na stika ya kijani ya hewa safi. Mliokodi Uholanzi, ulizeni kuhusu stika hiyo kabla ya kuondoka.
- Ujerumani, mtoto aliye chini ya miaka 12 na mfupi kuliko sentimita 150 hukaa kwenye kiti chake. Viti vya Marekani havina alama ya kukubaliwa Ulaya, basi kodini huko huko.

Kiswahili njiani

Watoto, sehemu hii ni yenu. Njia hii tumeichagua kwa sababu historia ya kwetu imelala humo.

Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, amezikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar. Alizaliwa mwaka 1844, akaondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake. Naye alilea watoto mbali na kwao, kama wazazi wenu.

Berlin, kwenye Museum für Naturkunde, amesimama dinosari mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Wajerumani. Mamia ya wenyeji waliichimba, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Boheti bin Amrani alikuwa mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo. Mkiwa mbele yake, zungumzeni na wazazi: je, mifupa hiyo ibaki Berlin au irudi Tanzania? Kila mtu atoe sababu zake kwa Kiswahili.

Kisha nendeni mtaa wa Neukölln mkaione barabara iitwayo Lucy-Lameck-Straße. Zamani ilikuwa na jina la Wissmann, kamanda aliyeupiga upinzani wa pwani ya Tanganyika. Mwaka 2021 ilipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanzania na mmoja wa wanawake wa kwanza bungeni.

Kazi ya wiki hii

Watoto, pimeni urefu wenu kwa sentimita mjue nani atahitaji kiti. Kisha geuzeni maili 70 kwa saa kuwa kilomita; maili moja ni kama kilomita 1.6. Wazazi, fungueni kila pasipoti muandike tarehe ya kuisha kwenye karatasi moja na kuibandika mlangoni mwa friji. Tiketi zitafuata baadaye.

Safari njema.