Breki Anasimulia

Sogea karibu, mwanangu. Uliniuliza swali tamu sana: "Mjomba, mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli anajifunza nini? Si anajiachia tu?"

Aisee, wewe unauliza kama mtu mzima! Ngoja nimwite anayejua kuliko mimi. Breki, hebu sema.

"Mimi ni breki wa baiskeli ya Vali Höll," akaanza Breki. "Huyu dada alizaliwa Desemba 2001, nchini Austria. Kwao ni Saalbach, milimani kabisa. Wazazi wake wana nyumba ya wageni huko huko juu. Alianza kuendesha angali mdogo. Na kila siku nilimwambia neno moja: nikamate mapema, niachie mapema."

Lakini Breki, kama anataka kushinda, kwa nini akukamate?

"Eeh! Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Tairi lina nguvu ya kushika ardhi, ila nguvu hiyo ina kikomo. Ukiitumia yote kupunguza mwendo, ya kukatia kona utaitoa wapi? Tairi linateleza, na wewe unakula vumbi. Kwa hiyo, kabla ya kona, nikamate. Ndani ya kona, niachie. Nikamate mapema, niachie mapema."

Na mwili wa Vali unafanya nini? Mwanangu, umewahi kumtazama shangazi akitoka kisimani na ndoo kichwani? Hatazami miguu yake. Anatazama mbele. Magoti yake ni laini, na njia ikiwa na mashimo, magoti ndiyo yanayohangaika. Ndoo imetulia. Vali naye ni vivyo hivyo juu ya mizizi na mawe. Baiskeli inarukaruka chini yake, kichwa kimetulia, macho yako kwenye kona inayofuata. Shokapu zinamsaidia, maana zinabonyea hata sentimita 20. Lakini shokapu bila magoti laini, hamna kitu.

"Wanashuka wote pamoja, wanasukumana?"

Hapana. Kila mmoja peke yake, anashindana na saa. Dakika chache tu, na saa inagawa sekunde moja vipande elfu.

Mwaka 2018 Vali akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2019, tena. Mwaka 2020 akaingia kwa wakubwa, na mashindano ya ubingwa wa dunia yakafanyika Leogang, jirani kabisa na kwao. Katika mchujo akawa wa kwanza! Watu wa nyumbani wakasubiri fainali. Kisha, mazoezini, puu! Akaanguka. Kifundo cha mguu kikavunjika. Fainali akaikosa.

"Mjomba, alilia?"

Sijui, mwanangu, ila mimi ningelia. Ninachojua ni kwamba mwaka 2021 alirudi, na akiwa na miaka 19 tu akalibeba Kombe la Dunia kwa jumla ya pointi, katika mbio ya mwisho kabisa, huko Snowshoe, Marekani. Mwaka 2022, bingwa wa dunia, Ufaransa. Mwaka 2023, bingwa tena, Uskochi. Mwaka 2024, bingwa tena, Andorra! Bingwa huvaa jezi nyeupe yenye mistari mitano: buluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani. Ukiiona mlimani, kaa pembeni.

"Nami sipewi jezi," akanung'unika Breki. "Napewa joto tu. Mbio zikiisha, usiniguse, nitakuunguza!"

Ni kweli, usimguse. Mwendo wote ule anaouzuia hugeuka kuwa joto.

Una swali jingine? Nalijua kwa macho yako.

"Mjomba, na kupanda? Anapanda mlima wote ule kwa pedeli?"

Ha! Kule kwao kuna vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Vali anaingia, baiskeli nayo inapakiwa, wanapandishwa mpaka kileleni wamekaa kama abiria.