Ua Katikati ya Nyumba

Ndugu yetu mmoja, mfanyabiashara wa dagaa ambao wenyeji huwaita omena, alitualika Muhuru Bay, ukingoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Migori, tumsomee dua kabla ya kuchimba msingi wa nyumba yake ya ghorofa. Akatutandazia mchoro. Sebule ya chini ilikuwa na ukuta wa vioo vitupu kutoka sakafuni hadi darini, umelielekea ziwa, ili nje na ndani viwe kitu kimoja. Mkewe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Na njia ya wavuvi ipitayo hapo mbele? Mimi nitakaa nyuma ya pazia mchana kutwa?"

Swali hilo, enyi wasomaji wetu, lilitufanya tuiahirishe dua hadi baada ya Alasiri.

Wazee wa Lamu walikwisha kulijibu kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Mgeni hupokewa dakani, penye baraza za kukalia, wala macho yake hayafiki ndani. Ukilipita daka wakikuta kiwanda, yaani ua usio na paa, na mbele yake misana iliyo wazi, kisha vyumba vya ndani. Jua, upepo na mvua huingia katikati ya nyumba. Mama huwa nje, naye yuko kwake, hana haja ya kukimbilia buibui kila asikiapo nyayo.

Basi tukashika penseli. Vioo hatukuvifuta, tuliviamuru tu vigeuke vitazame uani. Huko magharibi, jua la alasiri lingaliwachoma. Ziwa litatazamwa juu, kutoka roshani yenye ukingo wa mbao zenye matundu, isiyochungulia ua wa jirani. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hutoka nchi kavu. Kwa hiyo madirisha yawe pande zote mbili, na yote yawekewe wavu, kwani malaria huko haina mzaha, na wadudu wa ziwani huzifuata taa kwa makundi. Choo nacho kikageuzwa: kibla cha huko ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo.

Mume akalalamika, "Ua unakula chumba kizima!"

"Chumba cha wageni wajao mara mbili kwa mwaka?" akajibu mkewe. Sisi, tukiwa miongoni mwa wageni hao, tulinyamaza.

Lililobaki ni umbali wa maji. Ndugu yetu alitamani ayasikie mawimbi akiwa kitandani. Tukamkumbusha mwaka 2020, ziwa lilipopanda kuliko ilivyowahi kupimwa, likaziingia nyumba za ufuoni. Hapo hakubishana.

Baada ya Alasiri mafundi waling'oa vigingi wakavipandisha mlimani. Mama wa nyumba akasimama palipopimwa ua, akauliza kama mwarobaini utapata nafasi ya kutanua matawi. Fundi akaongeza hatua mbili kila upande, nasi tukainua mikono kuomba dua.