Gari la Yokohama na Tope la Chalbi

Juma lililopita nilipokea barua ndefu kutoka kwa mwalimu mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anafundisha katika shule ya bweni iliyoko ng'ambo ya jangwa la Chalbi, Kaunti ya Marsabit. Haikuwa barua ya salamu. Yeye na walimu wenzake watano wamekubaliana kuchanga fedha, kila mmoja akikopa katika chama cha ushirika, ili wanunue gari moja lenye nguvu la kuwatoa huko waliko na kuwarejesha. Kijana mmoja miongoni mwao ameona katika simu yake picha ya gari lililoegeshwa Yokohama, jeupe pe, lisilo hata mkwaruzo, na bei yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni nusu ya ile inayotajwa Nairobi. Mwanafunzi wangu ananiuliza: "Mwalimu, tulinunue ama tuliache?"

Nilitaka kumjibu siku hiyo hiyo. Hata hivyo nilipoisoma barua mara ya pili nikaona jambo lililonizuia. Msimu wa mvua uliopita mke wa mmoja wa walimu hao alishikwa na uchungu wa uzazi usiku wa manane, nao wakakaa naye wakingojea lori la mifugo lililopita alfajiri. Mama na mtoto wako salama, namshukuru Mungu. Lakini aliyewahi kuiona Chalbi baada ya mvua anajua kwamba lori lile lingeweza kukosa kupita hata kwa siku tatu. Uwanda ule ambao wakati wa kiangazi ni mgumu na mweupe kwa chumvi, gari likauvuka likitimua vumbi, hugeuka kinamasi kisichobeba hata punda. Hivyo basi walimu hawa hawatafuti fahari. Na mkopo watakaouchukua utakatwa katika mishahara yao mwezi baada ya mwezi kwa miaka minne, gari liwe linatembea au limelala juu ya mawe.

Kwanza niwaondolee watu dhana moja. Wako wasemao kwamba Wajapani hututupia takataka zao. Si kweli. Huko Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo, ukijumlisha kodi na bima zinazoambatana nao, ni ghali. Mwenye gari hupiga hesabu akaona afadhali aliuze na kununua jingine kuliko kulipia ukaguzi wa tatu au wa nne. Kwa sababu hiyo magari mengi hufika mnadani yangali na uhai mrefu. Isitoshe, Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Ndiyo maana tangu biashara hii ilegezwe katika miaka ya 1990, wakati magari mengi yalipokuwa yakipitia Dubai, barabara zetu zimejaa magari ambayo vitabu vyake vya maelezo hakuna awezaye kuvisoma, na redio zake hazishiki vituo vyetu vingi kwa kuwa masafa ya Japani huanzia 76 ilhali yetu huanzia 88.

Gari linapoingia mnadani huko, mkaguzi huliandikia karatasi. Kijana aliyeona ile picha hana budi kuidai karatasi hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, kwani picha hupigwa baada ya gari kuoshwa, na karatasi huandikwa kabla. Juu yake kuna alama ya jumla: 4 na nusu ni gari zuri sana, 4 ni zuri, 3 na nusu lina kasoro za kawaida, na herufi R maana yake ni kuwa liligongwa likatengenezwa. Chini huwa na mchoro wa gari uliotiwa herufi ndogo ndogo. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa. S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Mimi ningeanza na hizo mbili za mwisho. Katika kisiwa cha Hokkaido na pwani inayoelekea Bahari ya Japani theluji huwa nyingi, barabara humwagiwa chumvi ili kuiyeyusha, na huko ndiko magari ya kusukumwa na magurudumu yote manne yanakopendwa. Gari huweza kung'aa juu huku fremu yake chini ikimomonyoka kama andazi lililorowa. Atakayekuuzia gari bila karatasi ya mnada anakuuzia mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe liko mwendo wa majuma kadhaa kwa meli.

Sasa tuje kwenye ile nusu ya bei. Bei iliyo chini ya picha aghalabu ni ya gari likiwa bandarini kwao. Ongeza nauli ya meli, bima ya baharini na malipo ya ukaguzi, kwa kuwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa hutaka gari likaguliwe na wakala wake kabla halijapakiwa. Halafu linafika Mombasa, na hapo ndipo mwalimu wa hisabati anapohitajika. Mamlaka ya Ushuru haianzi na risiti yako. Huanza na bei ya gari jipya la aina hiyo humu nchini, ikaipunguza kwa kadiri ya umri wa gari, na kutokana na hapo ikapata thamani ya kutozwa ushuru. Tuseme thamani hiyo ni shilingi milioni moja. Ushuru wa forodha, uliokuwa asilimia 25 kwa miaka mingi, ulipandishwa mwaka 2023 hadi 35, hivyo ni shilingi 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa gari la dizeli ambalo injini yake inazidi sentimita za ujazo 2,500 ni asilimia 35 pia, lakini hautozwi katika ile milioni moja. Hutozwa katika milioni moja na laki tatu na nusu, yaani shilingi 472,500. Kisha asilimia 16 ya ushuru wa thamani hutozwa katika jumla ya hayo yote, nayo ni 291,600. Kwa hiyo ushuru pekee umefika shilingi 1,114,100. Bado ada ya kutangaza mizigo, ada ya reli, malipo ya bandari, ujira wa wakala wa forodha, nambari za usajili, na dizeli ya kutoka Mombasa hadi Marsabit. Wanafunzi wa kidato cha pili wapewe hesabu hii. Watajifunza asilimia na uraia kwa pamoja.

Nusu ya bei imekwisha kumezwa. Lakini hilo silo lililonitia wasiwasi zaidi.

Sheria yetu, kupitia kiwango kinachoitwa KS 1515 cha mwaka 2000, hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini ikiwa limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Nia yake ni njema, na hewa ya Nairobi inaihitaji. Kwa mtu wa Chalbi, hata hivyo, sheria hii ina matokeo ya ajabu. Gari analolihitaji ni lile la zamani lenye injini isiyo na mambo mengi, ambayo fundi wa kijijini aweza kuifungua kwa spana nne na kuifunga tena kabla ya magharibi. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, ndizo zilizojijengea jina huko kaskazini. Lakini Japani kwenyewe ziliacha kuuzwa mwaka 2004, zikarudi kwa muda mfupi mwaka 2014, kisha hazikuonekana tena madukani mpaka mwishoni mwa 2023. Hivyo anayezitafuta katika minada ya huko ndani ya umri unaokubaliwa na sheria atakuta karibu hakuna, na chache zilizopo ni mpya na bei yake haishikiki.

Basi lile gari jeupe la kwenye picha ni gari gani? Barua inasema tu kwamba nyuma limeandikwa "4WD". Maandishi hayo yamewaponza wengi. Magari mengi ya Japani yenye alama hiyo ni magari ya mjini yaliyopewa uwezo wa kusukuma magurudumu ya nyuma pale ya mbele yanapoteleza kwenye theluji. Hayana ile gia ya pili ya nguvu inayoliwezesha gari kujikokota polepole kutoka kwenye mchanga. Hayana fremu ya chuma iliyojitenga na bodi. Yako karibu na ardhi. Yapeleke Limuru siku ya mvua yatakusetiri vizuri; yaingize katika laga yenye mchanga mwepesi na utalala hapo. Suzuki Jimny, licha ya udogo wake, ina gia hiyo na ina fremu, nami nimeiona ikipita mahali ambapo kaka zake wakubwa walikwama. Tatizo lake ni kwamba hubeba watu wanne kwa kubanana, na walimu ni sita, bila kumhesabu mgonjwa.

Na ikiwa ni gari kubwa la kweli, la dizeli, la miaka ya karibuni? Hapo kuna shaka nyingine. Magari ya dizeli yaliyotengenezwa kwa soko la Japani siku hizi yana chujio la masizi katika bomba la moshi, na baadhi huhitaji kutiwa maji maalumu ya yurea ili moshi usafishwe. Injini zake hupuliza mafuta kwa shinikizo kubwa mno kupitia matundu membamba mno. Zimeundwa kwa dizeli ya Japani, ambayo salfa yake haizidi sehemu 10 katika milioni. Yetu mwaka 2015 iliwekewa kiwango cha 50, na hiyo ni ile ya kituo cha mafuta mjini. Ile inayouzwa kutoka kwenye mapipa, ikimiminwa kwa mpira na kitambaa, ina mchanga, maji, na mengine ajuayo muuzaji. Siku kompyuta ya gari itakapowasha taa ya manjano na kulikataza kwenda mwendo wa zaidi ya kilomita 40, fundi wa karibu mwenye chombo cha kuisoma huenda akawa Isiolo.

Msomaji wa Nakuru au Machakos asije akadhani ninamkataza. Anayeendesha juu ya lami, akavuka kilomita kadhaa za changarawe kwenda kwao mwisho wa mwezi, anaweza kununua Japani na asijute, maadamu anadai karatasi ya mnada, analinganisha nambari ya fremu na ile iliyo kwenye cheti cha ukaguzi, na anamlipa muuzaji anayejulikana, kwa mfano mwanachama wa JUMVEA, chama cha Wajapani wauzao magari yaliyotumika ng'ambo. Hela zikishatumwa kwa benki kwenda kwa mtu asiyejulikana hazirudi kwa machozi.

Kwa hawa sita wangu, ushauri ni mwingine, nao si mtamu. Wanunue humu humu nchini, Land Cruiser kuukuu la mfululizo ule wa 70, lililounganishwa Mombasa, lenye injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Kikomo cha miaka minane hakiligusi gari lililokwisha kusajiliwa hapa. Magari hayo hujitokeza katika minada ya wizara, ya kaunti na ya mashirika ya misaada. Vipuri vyake vipo hadi Marsabit mjini. Najua ubaya wake: gari la umma halina mwenyewe, limeendeshwa na madereva kumi, limebeba simiti na mbuzi, na mita yake ya kilomita pengine iliacha kusema kweli zamani. Huenda likahitaji springi mpya, ekseli kukaguliwa, na fremu kuchomelewa. Bei yake nayo itawashtua, kwani magari haya hayashuki thamani upesi na wauzaji wanalijua hilo. Hata hivyo ubaya huo unaonekana kwa macho. Fundi aweza kulala chini yake kwa saa mbili, akaligonga fremu kwa nyundo, akatoka na jibu. Hakuna fundi awezaye kulala chini ya picha.

Kijana mwenye simu hatafurahi. Nimemwandikia yeye peke yake aya mbili, kwa sababu alichokifanya, yaani kulinganisha bei na kuuliza kwa nini, ndicho tunachowafundisha wanafunzi wakifanye. Nimemwomba aifanye upya ile hesabu ya ushuru kwa gari lake jeupe, aiweke kando ya bei ya gari la mnada pamoja na laki kadhaa za matengenezo, awasomee wenzake bila kuficha tarakimu.

Yako mambo mengine mawili niliyowauliza ambayo barua yao haikuyagusa. Kitabu cha umiliki kitaandikwa jina la nani kati ya sita? Na akihamishwa mmoja wao, jambo la kila mwaka katika kazi yetu, atalipwa fungu lake na nani, lini, kwa thamani ipi? Wayaandike hayo, waweke sahihi mbele ya wakili, kabla ya kutafuta gari lolote. Wakishapata la kuwafaa mnadani wanitumie nambari ya usajili na ya fremu. Ninaye fundi Isiolo, mzee aliyezitengeneza gari hizi tangu zilipoanza kuingia, naye amekubali kusafiri kwenda kuliangalia kwa nauli na chakula tu.